Khanga ya Kukalia

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, mvua imeingia, na simu yangu haikai kimya. Mfungo Mosi ndio mwezi wa harusi. Waliojizuia Ramadhani nzima sasa wanataka kuoa wote kwa pamoja, utadhani wanawake wanakwisha dukani. Mimi sina neno. Wakioana, Bi Somoe anakula.

Daftari hili la tarehe nimepewa na binti mmoja niliyemfunda mwaka jana, anafanya kazi benki. Alitaka niandike miadi nisije nikachanganya maharusi. Miadi naijua kwa kichwa. Nitaandika mengine, asubuhi baada ya sala, wakati magoti yananiuma kwa unyevu na hakuna wa kuongea naye.

Nyumba ni ya marehemu baba yangu, hapa Tandika. Mbele nakaa mwenyewe na ukungwi wangu, na chumba kimoja ni cha mwali: kina mkeka, chetezo na sanduku la shanga. Cha uani amepanga Tabu. Ni mzaliwa wa hapa hapa Temeke, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, msafi, hana makelele. Anatoka jioni, anarudi alfajiri. Kazi yake naijua na mtaa mzima unaijua. Kwangu hajawahi kuingiza mwanamume, maana hilo ndilo sharti nililompa siku ya kwanza. Zaidi ya hapo simuulizi, na kusema kweli simpendi. Mbele nafundisha heshima, nyuma ananiharibia.

Ijumaa, 4 Aprili

Salumu, mwenyekiti wetu wa mtaa, kaja baada ya swala na kanzu imerowa hadi magotini. Salumu nilimwona siku aliyozaliwa, lakini siku hizi ana muhuri, basi anaongea kama kameza kipaza sauti.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba. Vua viatu, nimedeki."

Akasema kuna operesheni inakuja. Dada poa wote watasombwa, na mwenye nyumba atakayebainika kuwapangisha atashtakiwa kwa kuendesha danguro. "Huyo mpangaji wako mtoe mapema. Mie nakusitiri tu, we mama yangu."

"Nimtoe na mvua hii, aende wapi?"

"Hiyo si ishu yako."

Sipendi kuamrishwa ndani ya nyumba ya baba yangu. Nikamwambia nitamtoa masika yakiisha, nikamfungulia mlango. Nilishakusudia kumtoa Tabu tangu zamani. Salumu ndiye aliyenifanya nikatae.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Maji yamefika kizingiti cha jiko.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemkuta Tabu uani anaanua nguo, nikampa habari za Salumu. Nikamwambia masika yakiisha atafute pengine. Hakubisha. "Sawa, Bi Somoe, nyumba ni yako," akaendelea kukunja. Upole ule ukanikera, nikaongeza na yasiyoulizwa: kwamba mwanamke mwenye mikono miwili hakosi kazi ya halali.

"Nishauza genge," akasema. "Nishafanya kazi za ndani kwa tajiri kule Mbezi Beach. Nishahudumu baa. Kote huko wanaume walikuwa wanachukua wanachotaka, bure." Kisha akatabasamu. "Na we mwenyewe, Bi Somoe, kazi yako nini? Unamfunda mtoto wa watu ampendeze mwanamume, unapewa doti ya khanga na bahasha. Sie wote tunakula kwa kitanda."

Nikamwambia asinifananishe naye, kwangu ni mila na ndoa, na Mungu anaona.

"Na mie ananiona," akasema, akaingia chumbani kwake.

Nimekasirika mpaka chai haishuki.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetoka kuchota maji ya udhu, nikamkuta Tabu amekaa kwenye ngazi ya uani, mvua inamnyeshea, hajaufungua mlango wake. Nikadhani kalewa. Nikamsemesha kwa ukali. Akajaribu kuinuka, akashindwa.

Mgambo wamemkamata akirudi nyumbani. Wamemchapa fimbo mgongoni na mapajani, wamechukua simu na mkoba, wamemwachia. Hakulia wakati ananieleza. Meno tu yalikuwa yanagongana kwa baridi.

Mikono yangu ilifanya inachokijua. Nilichemsha maji, nikatia chumvi na majani ya mnyonyo. Chumba chake kinavuja, nikamlaza kwenye mkeka wa mwali, nikamkanda. Mgongo umevimba mistari mistari. Nilipofika kwenye mapaja nikalazimika kutazama ukutani. Nimewakanda mabinti wengi wanaokwenda kwa waume na wengi waliotoka kujifungua, lakini mwili uliofanywa vile sijawahi kuushika.

Bibi yangu, aliyenirithisha kazi hii, alikuwa na sharti lake: mwili uliopita mikononi mwako ni mwanao. Usiusemee nje, si kwa kuusifu wala kwa kuuponda. Nimelikumbuka nikiwa nimeshamaliza kukanda.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempelekea uji, nikamwambia aende kituoni akawashtaki.

"Nikasemeje? Wataniuliza nilikuwa natoka wapi, nafanya nini. Nikimaliza kuwajibu, mtuhumiwa nishakuwa mie." Akaupuliza uji. "Mama ntilie akipigwa na mgambo anashtaki. Bodaboda akipigwa anashtaki, na wenzake wanaandamana. Sie tukipigwa tunaambiwa tumejitakia."

Nilitaka kusema kwamba kweli kajitakia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwongezea sukari.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu juzi. Tabu anatembea vizuri sasa. Kanizibia bati linalovuja la chumba cha mwali, bila kuombwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimempokea Wahiba. Ni binti wa Muhsin, yule mwenye duka la vitambaa Tabata, na mkewe Maisa. Waarabu wa zamani, watu wa kujistahi sana. Binti anaolewa na Nawaf wa Mbezi Beach tarehe tatu Mei. Maisa anawakwepa majirani wa Tabata, ndiyo maana binti anafundwa kwangu. "Somo, sitaki mtu ajue yuko wapi," akaniambia, akanishika mikono yote miwili. "Mtoto wa kike jina lake ni yai." Nikamwambia kwangu mayai hayapasuki.

Wahiba kamaliza chuo, anajua kompyuta, lakini kukaa hajui. Nikamwonyesha: mwali ananyoosha miguu mkekani, anainamisha macho, na akiambiwa neno hajibu. Anasikiliza. Akacheka. Nikamfinya kidogo, akanyamaza, baada ya muda akacheka tena. Nimempenda.

Jumapili, 20 Aprili

Nitaandika yote.

Jana ilikuwa siku ya singo, kumsugua mwali na kumpaka manukato. Shangazi zake Wahiba watatu walikuja, na Zubeda, mpigaji ngoma wangu wa miaka yote. Mpishi wangu alikwama kwa mafuriko ya Mtoni, nikamwomba Tabu atupikie. Akakubali haraka, akaenda kukaa chini ya upenu wa uani na mbuzi ya kukunia nazi. Sisi ndani tukafunga mlango, tukampaka Wahiba liwa la msandali mwili mzima, Zubeda akaipiga ngoma, tukaimba nyimbo zetu. Nyimbo za ndani hazina nguo, kila mwanamke wa pwani anajua hilo.

Polisi walikuja mchana kweupe, difenda mbili na mgambo nyuma. Aliyewaongoza ni mtu mrefu anayeitwa Afande Rogers. Alisema wamepata taarifa kuwa humu kuna danguro, na wakiwa nje wamesikia kwa masikio yao wenyewe. Ni nyimbo walizozisikia. Nikamweleza kwamba ni shughuli ya harusi, huyu ni mwali, mimi ni kungwi. Akamtazama Wahiba alivyopakwa, akafungua sanduku langu.

"Hizi shanga zote za nini?"

"Za kazi, baba."

"Kazi gani?"

Ukweli wenyewe, mbele ya wanaume wenye viatu juu ya mkeka wangu, ulikuwa unasikika vibaya kuliko uongo wowote. Askari mmoja kijana, wa pwani kwa sura na lafudhi, aliinamisha kichwa. Yule alijua kabisa alichokiona. Hakusema.

Uani wakatoa chumbani kwa Tabu boksi la kondomu, la bure, lile wanalogawa kituo cha afya. Rogers akalinyanyua kama kaokota dhahabu.

"Wote garini!"

Shangazi zake Wahiba walianza kupiga kelele. Tabu peke yake alinyanyuka taratibu, machicha yamemganda vidoleni, akasema, "Chukueni khanga mbili mbili. Moja ya kujifunika, moja ya kukalia. Sakafu ya mule ina maji." Nilimwona fedhuli. Sisi tunakufa kwa aibu, yeye anapanga safari.

Sakafu ilikuwa na maji kweli. Hakuna aliyemsikiliza zaidi yake mwenyewe, basi khanga yake ya kukalia akamtandikia Wahiba, yeye akachuchumaa. Liwa lilikuwa limemkaukia mtoto, linapasuka usoni kila akilia. Tabu akalilowesha na ncha ya khanga, akamfuta polepole, akimsemesha mambo ya kawaida kabisa, sijui samaki, sijui nywele. Mimi kungwi nilikaa pembeni nimejishika kichwa.

Maisa na Muhsin walifika, yakaongewa huko mbele. Kisha nikaitwa peke yangu. Maelezo yalikuwa tayari yameshaandikwa. Nilivaa miwani nikayasoma yote, sitajisingizia kwamba sikujua. Yalisema kwamba mimi, mwenye nyumba, nimekuwa nikimshuhudia mpangaji wangu Tabu akisimama barabarani mbele ya mlango wangu akiita wanaume kwa ajili ya ukahaba, na kwamba jana alikamatwa akifanya hivyo.

"Alikuwa anakuna nazi," nikasema.

"Mama," Rogers akasema, na sauti yake wala haikuwa mbaya, "ukisaini hapo, hawa wengine walikuwa kwenye shughuli ya harusi. Hakuna jina litakaloandikwa. Usiposaini, naandika wote, na we naandika danguro. Amua."

Maisa alikuwa mlangoni. Alinionyesha viganja vyake viwili vilivyofunguliwa, kama mtu anayeomba dua.

Nikasaini.

Wakati natoka nilipita kwenye nondo. Tabu akauliza, "Mwali katoka?"

"Katoka."

"Afadhali," akasema.

Jumanne, 22 Aprili

Nazi iliyokunwa nusu imeoza uani. Nimeitupa. Mbuzi nimeiacha pale pale, inanyeshewa.

Alhamisi, 24 Aprili

Tabu kapelekwa mahakamani. Shtaka ni kuzurura hadharani kwa ajili ya ukahaba. Kakana. Dhamana ipo wazi, lakini mdhamini lazima awe na barua ya serikali ya mtaa, na barua anatoa Salumu. Salumu kasema muhuri wake haugusi uchafu. Basi yuko mahabusu.

Nimejiambia kwamba nimeokoa wanawake watano kwa mmoja. Nimejiambia kwamba angekamatwa tu, leo au kesho. Nimejiambia kwamba ana uzoefu. Hilo la tatu nimelisikia mwenyewe lilivyo baya, nikaenda kufagia uani kwenye mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Kaja mwanamke mrefu mwenye mwavuli na viatu vya plastiki, kajitambulisha: wakili Kokushubila, wa msaada wa kisheria. Anamtetea Tabu. Lafudhi ya Bukoba, adabu nyingi. Kaniamkia kwa kupiga goti, nikaona haya.

"Mama, sikuja kukulaumu. Nataka kujua tu ulichokiona. Shtaka linasema hadharani. Yeye anasema alikuwa uani kwako, anapika. Uani si barabarani."

"Sina la kusema," nikamwambia.

"Sawa, mama." Akanywa chai yake yote. Kabla ya kuondoka akasema, "Wateja wangu wengi wa namna hii wanakiri kosa ambalo hawajalifanya ili walipe faini yaishe. Huyu amekataa. Anasema siku ile alikuwa kwenye kazi ya heshima, na hataikana."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nikaiokota ile mbuzi, nikaipangusa, nikaiweka jikoni.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Sikukuu ya wafanyakazi. Redioni wanasema kila kazi ina heshima yake na kila mfanyakazi ana haki ya kulindwa. Nimeizima.

Jumapili, 4 Mei

Jana tumemwoza Wahiba. Ukumbi ulipambwa ukapambika, Maisa kanivisha khanga mpya mbele ya watu akanitangaza: "Huyu ndiye kungwi, somo wa wasomo!" Wanawake watatu walinichukua namba pale pale. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za kituoni. Yai halikupasuka.

Nilimpeleka biharusi chumbani, nikamkalisha, nikamrekebisha shela. Ndiyo saa ya kungwi kusema maneno ya mwisho. Nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Somo, yule dada wa khanga. Naye alitoka siku ile?"

"Mwali haulizi," nikamwambia.

Akainamisha macho kama nilivyomfundisha. Nimefanya kazi hii tangu sijaota mvi, na ni mara ya kwanza kuitumia mila kama kufuli ya mlango. Nimeona haya mbele ya mtoto yule, na nimelia njia nzima ya kurudi Tandika.

Jumatano, 7 Mei

Nilikwenda mahakamani, nikasimama nje kwenye upenu pamoja na watu wengine wanaokimbia mvua. Kesi imeahirishwa hadi wiki ijayo. Shahidi pekee wa mashtaka ni mimi.

Mahabusu waliteremshwa garini kwa mstari. Tabu kakonda, kichwa hakijasukwa. Alikuwa na ile khanga yake. Aliponiona nikadhani atanitukana mbele za watu, nikajikaza kupokea.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba," nikasema.

Jumanne, 13 Mei

Salumu kapita kunikumbusha niseme kama nilivyosaini. Kanyoosha maneno safari hii: nikigeuka, faili la danguro litafunguliwa, na mtaa hautanijua. Maisa kapiga simu. Hakutisha, alibembeleza. "Somo, jina la mwanangu lisitajwe. Ndoa ina siku kumi tu. Yule mwanamke hana cha kupoteza, wewe unacho."

Nilikaa na simu mkononi nikifikiria hicho nilicho nacho. Nina nyumba, nina jina, nina namba za wanawake watatu wa ukumbini. Tabu ana kazi moja ya heshima aliyoifanya kwangu mchana mmoja, na anakaa mahabusu kwa ajili yake. Naogopa sana. Naandika hivi ili nijue kwamba niliogopa.

Alhamisi, 15 Mei

Nilipanda kizimbani jana kabla ya adhuhuri. Mezani kwa karani kulikuwa na vielelezo: boksi la kondomu na shanga zangu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuandikwa namba. Shanga za bibi yangu. Nadhani ndizo zilizonipa nguvu.

Mwendesha mashtaka alinipa karatasi, nikaisoma kwa sauti.

"Haya ni maelezo yako?"

"Sahihi ni yangu. Lakini sikuyaona hayo."

Nikasikia mvua juu ya bati.

"Uliona nini?" hakimu akauliza. Ni mwanamke wa makamo, anaandika kila kitu kwa mkono.

"Mheshimiwa, alikuwa amekaa uani kwangu, chini ya upenu, anakuna nazi za wali. Alikuwa anatupikia. Nilimwomba mimi. Na kwangu hajawahi kuita mwanamume, si mlangoni wala dirishani."

"Kwa nini ulisaini uongo?"

"Niliambiwa nikisaini, wengine watarudi kwao. Niliogopa."

"Wengine ni kina nani?"

"Wanawake wa shughuli. Majina yao hayatatoka kinywani mwangu, mheshimiwa, hata ukinifunga."

Hakimu akanitazama juu ya miwani, kisha akarudi kwenye maandishi yake. Mwendesha mashtaka alikuwa amekasirika, na hapo ndipo alipouliza swali lake la mwisho. Nadhani alitaka kunivunja.

"Wewe ni kungwi, mtu mzima unayeheshimika. Unamtetea changudoa. Huyu ni nani kwako? Ndugu yako?"

Maisa alikuwa benchi la nyuma, kajifunika ushungi. Alikuja kulinda jina la mwanawe. Zubeda alikuwa karibu naye. Nilijua kabisa nikijibu hivi sitapigiwa simu tena Temeke, wala Tabata, wala popote wanapooza binti. Kuna jibu jepesi lilikuwapo: mpangaji wangu. Lilikuwa kweli na lingetosha.

"Ni mwali wangu," nikasema.

Watu wakaguna. Zubeda akasema "Astaghfirullah" kwa sauti. Tabu, ambaye hakulia kwa fimbo wala kwa nondo, alijifunika uso kwa ile khanga, mabega yakawa yanatikisika.

Kokushubila hakuwa na maswali mengi. Hakimu akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, aachiwe.

Nje, Afande Rogers alinisubiri karibu na bomba. "Umenidhalilisha, mama. Haya, danguro lako tutalizungumza."

Jumamosi, 17 Mei

Simu imelala. Wale wa ukumbini watatu wote wametuma ujumbe, mmoja kasema binti kaahirisha, wawili hawakujisumbua kutafuta sababu. Zubeda kaja kuchukua ngoma yake. Nilimtengea kiti, hakukaa.

Jumapili, 18 Mei

Tabu kanijia jikoni asubuhi, kasukwa, kavaa gauni safi.

"Bi Somoe, lile neno ulilosema kule. Ulikuwa unamkomoa yule bwana, au?"

"Nilikukanda," nikamwambia. "Mwili niliokanda ni mwanangu, ndilo sharti la bibi yangu. Nilitakiwa nilikumbuke kule kituoni, nikalikumbuka baada ya wewe kukaa ndani karibu mwezi mzima. Nisamehe."

"Nilikuchukia," akasema. "Nilipokuamkia pale kwenye mstari nilikuwa nakuchukia. Nilitaka tu uitike, uone inavyouma."

"Iliuma."

"Haya." Akaichukua mbuzi, akaukagua ulimi wake ulivyoshika kutu. "Hii umeiua, Bi Somoe."

Jumanne, 20 Mei

Salumu kaleta wito mwenyewe. Hakunitazama. Niripoti kituoni Alhamisi asubuhi, tuhuma ya kuendesha danguro. Nikamuuliza kama atanipa barua nipate mdhamini. Akasema ataangalia. Naye namjua tangu mdogo, akisema ataangalia hafanyi.

Kokushubila kasema atakuja, lakini wakili hawezi kuwa mdhamini, na huenda nikalala ndani. Wahiba kapiga simu kwa kunong'ona kutoka Mbezi Beach. Kasikia. Anataka kumwomba mumewe anidhamini. Nikamkataza kabisa. Ndoa yake bado mbichi, na mwanamume haombwi jambo zito kabla hajakuzoea, hilo nilimfundisha mwenyewe. Akaniambia, "Somo, hilo moja sitakutii," akakata. Sijui atafanya nini. Nimeomba Mungu asifanye, na nimeomba afanye.

Jumatano, 21 Mei

Leo hakuna mvua. Jua limetoka, uani kunatoa mvuke, masika yanaelekea kuisha. Kwa ahadi niliyompa Salumu, huu ndio wakati wa kumtoa Tabu. Mlango wa uani uko wazi na Tabu yumo, anapiga pasi.

Baada ya chai kaingia chumba cha mwali na gauni langu refu mkononi, limekunjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikitazama sanduku. Shanga mahakama haijazirudisha.

"Keti chini," akasema.

"Magoti yananiuma."

"Keti tu, Bi Somoe. Kesho hawana kiti."

Nikakaa mkekani. Naye akakaa mbele yangu, mahali ninapokaa mimi nikiwafunda, akaanza. Nivae gauni lisilo na mkanda, maana mkanda wanachukua. Hereni nizivue nyumbani. Nile nishibe kabla ya kwenda, hata kama chakula hakipiti. Dawa za presha nimpe wakili, si askari. Wakinitukana nisiwatazame usoni, nitazame ukuta. Nikiulizwa nijibu nilichokiona, si wanachotaka. "Na usisaini kitu, hata wakikuahidi nini," akasema, kisha akasita, na wote wawili tukatazama pembeni kidogo.

Akaendelea. Kuna askari wa kike wa zamu ya asubuhi, mwenye kovu shavuni, huyo ana utu, nimwombe maji. Nisikae karibu na mlango, upepo unaingia. Ukiingia usiku nisihesabu saa, niimbe kimoyomoyo. "Na uchukue khanga mbili..."

"Moja ya kukalia," nikasema.

"Mwali hajibu," Tabu akaniambia.

Nikanyoosha miguu mkekani, nikainamisha macho, nikamsikiliza.